Kwa nini JavaScript ina flat na siyo flatten

Watu wanaicheka sana JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na brauza kwenye websaiti, eti lugha gani ukiiuliza null (yaani "hakuna kitu") ni aina gani kwa typeof null inakupa "object", na kweli ni kituko, ila ukiuliza mbona hawarekebishi jibu ni kwamba kuna websaiti kibao za zamani zinategemea hichohicho kituko, ukikigusa zinakufa.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha 2018. TC39, ile kamati inayosimamia lugha, walitaka kuongeza methodi (kazi iliyojengwa ndani ya lugha) ya kunyoosha arei, yaani orodha, zilizo ndani ya arei, wakaiita flatten. Firefox Nightly, toleo la majaribio la brauza ya Firefox, ikaijaribu, websaiti moja ikavunjika. Kumbe MooTools, laibrari ya enzi hizo, ilishajiwekea flatten yake kwenye Array.prototype, pale arei zote zinapochukulia methodi zao, halafu inazunguka na for-in, kitanzi kinachopitia majina yasiyofichwa tu, kukopi methodi zake kwenda sehemu nyingine. Sasa ya brauza imefichwa, for-in haiioni, na MooTools ikiandika yake juu ya ile ya brauza nayo inarithi kufichwa, basi haikopiwi tena!! Mtu akatania waiite smoosh, watu wakachukulia siriasi, kelele mtandaoni balaa. Mwisho ikawa flat, ikaingia ES2019, toleo la 2019 la lugha. Na siyo mara ya kwanza, hata includes, methodi ya kuangalia kama kitu kimo kwenye arei, ilikuwa iitwe contains, MooTools hao hao.

Ndo maana naona TypeScript ya Microsoft, 2012, walicheza kijanja: unaongeza taipu zako (kusema hiki ni namba, kile ni maandishi), kompaila, yaani programu inayogeuza kodi yako, inazifuta, kinachobaki ni JavaScript ileile na brauza haijui kitu.