Kinachomaliza uniti ni joto

Kabla ya kugombeza mtu kwa taa iliyolala inawaka koridoni, geuza vifaa vyako usome vibandiko. Taa ya LED ni wati 9, feni ya mezani 50 hivi, pasi 1000 na zaidi, birika la umeme hufika 2000. Vyote vinakula LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ila taa inatoa mwanga, feni inatoa mwendo, pasi na birika vinatoa joto. Joto ndilo ghali.

Chukua ndoo ya lita 20 ya kuogea, asubuhi ya Julai, Dodoma ikiwa na baridi na upepo wake. Kuyatoa maji nyuzi 20 hadi 40 kunataka karibu nusu uniti (uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja). Nusu uniti hiyo ingewasha ile taa ya koridoni zaidi ya saa 50! Na usiogope koili, kile chuma cha umeme cha kuzamisha ndooni, yenye wati nyingi: ya 1000 itachukua kama nusu saa, ya 2000 robo saa, uniti ni zilezile. Hasara ni kuichemsha ndoo mpaka itokote, kisha kuisubiri ipoe.

Maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi, na koili hushika ukoko mweupe. Ukoko unazuia joto lisitoke, chuma kinapata moto kupita kiasi, mwishowe koili inakatika. Ichovye kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, kwa nusu saa, kisha isuuze. Izamishe kwanza ndipo uwashe. Chomoa kabla hujagusa maji. Hapo hakuna mjadala.

Kwenye mkaa nishati imo ndani ya mkaa wenyewe. Kilo moja ina joto la kama uniti 8, lakini kwenye jiko la bati tupu sehemu ndogo tu ndiyo hufika sufuriani. Nyingine inachukuliwa na upepo. Jiko lenye udongo ndani linaokoa mkaa mwingi, mradi udongo haujapasuka. Fungua mlango wa hewa wakati wa kuwasha, na maharage yakishachemka ufunge nusu. Dodoma iko mita 1100 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96, na maharage huchelewa kuiva. Kuongeza mkaa hakupandishi nyuzi hizo, kunakausha mchuzi tu. Yaloweke usiku kucha, funika sufuria.

Sola inafaa sana kwa jua la huku, ila vumbi linaiba. Futa paneli alfajiri, kioo kikiwa bado baridi. Ukimwagia maji mchana kinaweza kupasuka. Paneli ya wati 100 na betri yake zinabeba taa, redio na simu bila shida. Pasi usiithubutu: inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 300 ikipewa pasi ya 1000 hujizima, na zile za bei ya chini huungua kabisa.