Sekunde 41

Mlio uliotoka kwenye spika ulimfanya Mama auache mwiko kwenye sufuria na kutoka jikoni mbio. Haukuwa muziki wala mtu anayeongea. Ilikuwa ngurumo nzito, kama lori linashusha kokoto ndani ya pipa. Kaka alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati, mgongo umejaa vumbi.

"Imeongea?" akauliza.

"Imenguruma," nikamjibu.

Ilikuwa Agosti 2015, nyumbani kwetu Kizota, Dodoma, ule msimu ambao upepo unazoa mchanga wa mtaa mzima na kukuletea mezani. Kaka alikuja likizo kutoka Uingereza na zawadi ya Baba: kiboksi cheusi chenye kioo kidogo mbele na kirungu kimoja cha kuzungusha. Redio ya intaneti. Haikuwa na spika yake, ilitaka kupachikwa kwenye redio kubwa ya sebuleni, ile ampli ya Technics na spika zake mbili za mbao alizonunua Baba mwaka aliostaafu reli. Tangu deki ya kaseti ife, kazi ya spika hizo ilikuwa kubeba vitambaa vya kufuma na picha ya harusi.

Kosa lilikuwa la tundu. Nyuma ya ampli kuna safu ya matundu mekundu na meupe, na Kaka alichomeka waya za AV kwa kupapasa, akalikuta la kwanza. Nilipomulika kwa tochi ya simu nikasoma: PHONO. Hilo ni la santuri. Sindano ya santuri hutoa umeme wa milivolti chache tu, kwa hiyo tundu lake hukuza kila kinachoingia mara nyingi, na besi huinuliwa zaidi. Hata mvumo mdogo wa umeme ulio kwenye waya ukiingia humo, unapata lori la kokoto. Tukahamishia AUX, tundu la vifaa vingine. Kimya. Hakuna aliyekuwa ameunganisha waifai.

Waifai ilitoka kwenye kimodemu cha mfukoni ambacho Kaka alikinunulia laini na bando mjini. Nywila ilikuwa na herufi na tarakimu 12, na kwenye kile kiboksi unaandika kwa kuzungusha kirungu: unapita alfabeti nzima hadi ufike herufi yako, unabonyeza, unaanza tena. Ukikosea ya kumi na moja, basi, rudi mwanzo. Kaka alikosea mara tatu. Sitasema maneno aliyoyatamka, Mama alikuwa karibu.

Ilipokubali, ilikubali kweli. Kioo kikaleta orodha ya nchi, unachagua nchi, unachagua stesheni, unangoja kidogo, sauti inajaa sebule nzima bila mkwaruzo. Tukaenda Brazil, tukaenda Japani, tukapita Senegali tukakaa sana. Huko Dublin mtangazaji alikuwa akisoma hali ya hewa: mvua leo, mvua kesho, mvua keshokutwa. Nilimtafsiria Mama. Sisi mvua ya mwisho tulikuwa tumeiona Aprili, na nyingine hatukuitegemea kabla ya Novemba au Desemba.

"Hawawezi kutugawia?" akasema, akarudi kwenye mlenda wake.

Baba muda wote huo alikuwa barazani. Alikuwa ameshukuru kwa zawadi, tena kwa heshima zote, lakini hakuingia ndani. Mimi nilijua sababu, Kaka alikuwa amesahau. Ilikaribia saa moja jioni.

Baba alifanya kazi reli ya kati, msaidizi wa mkuu wa kituo, kwanza Kintinku, baadaye Saranda, mwisho hapa Dodoma. Njia ilikuwa moja tu, treni zinapishana stesheni. Kila inayotoka inapigiwa simu stesheni ya mbele na kuandikwa kwenye daftari kwa dakika yake, inayoingia vivyo hivyo. Mtu ambaye saa yake imechelewa dakika tano anaweza kufanya jambo ambalo hatalisimulia. Kwa hiyo alikuwa na desturi. Kila jioni alikiweka kiredio chake cha National juu ya stuli, akaunganisha waya wa shaba uliotoka dirishani hadi kwenye mwarobaini, akaitafuta BBC ya Kiingereza kwenye masafa mafupi. Alikuwa anangojea ile milio sita, ambayo BBC ilianza kuirusha 1924 na ambayo siku hizi ni mitano mifupi na mmoja mrefu, na saa kamili ni pale huo mrefu unapoanza. Anarekebisha Seiko yake mkononi. Habari zenyewe hakuzingojea, anazima redio betri zisiishe. Alikuwa amestaafu miaka mingi, na hakuna treni iliyokuwa ikimsubiri.

"Baba," Kaka akaita, "njoo usikie milio yako kwa spika kubwa."

Akaingia. Lakini aliingia na National yake, na stuli, akaurefusha waya kupitia dirishani. Kaka aliiweka BBC kwenye kiboksi. Upande mmoja mwanamke anaongea kwa sauti safi kama yuko chumbani, upande wa pili mwanamume anaongea ndani ya kikaango cha mafuta ya moto. Baba alikunja mkono, macho kwenye saa.

National ikalia. Pi, pi, pi, pi, pi, piii.

Spika kubwa bado zilikuwa na yule mwanamke, anamalizia sentensi yake bila haraka yoyote. Baba hakusema neno. Kaka alijikuna shingo. Kisha yule mwanamume wa kwenye kikaango akaanza kuongea humo kwenye spika, safi kabisa, na hatimaye milio ikaja, mizuri, kama mtu anagonga glasi kwa kijiko.

"Sekunde arobaini na moja," Baba akasema. Akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akaandika kwenye kiganja.

Kaka alijitetea vizuri, nampa haki yake. "Baba, ni kama simtanki. Maji ya bomba yanakuja, yanakatika, yanakuja. Ukioga moja kwa moja kwenye bomba utabaki na sabuni kichwani. Kwa hiyo unajaza tanki kwanza, halafu unaoga kwa maji ya tanki. Hii nayo inajaza sauti kwanza ndiyo inaanza kutoa. Huko inakotoka nako kuna matanki mengine njiani."

"Kwa hiyo maji ninayooga ni ya zamani."

"Ya sekunde arobaini tu, Baba! Na hata hiyo yako, mara nyingi sauti inapanda kwanza kwenye setilaiti, kilomita elfu thelathini na sita, ndipo inashuka kwenye mtambo wa masafa mafupi. Inapoteza robo sekunde."

"Robo sekunde haigonganishi treni."

Tulicheka, na yeye akacheka, lakini hakuwa amemaliza. Saa mbili tulikuwa mezani, yeye akanyanyuka na sahani yake. Taarifa ya habari ya TBC, ambayo hakuwahi kuikosa, aliiacha ipite. Safari hii ilikuwa sekunde 57, maana katikati hapo umeme ulicheza na kiboksi kikalazimika kuanza upya. Saa tatu, 33. Hapo ndipo alipomgeukia Kaka, na sasa hakuwa anatania.

"Mwanangu, treni kuchelewa si kosa. Hata ikichelewa saa nzima naweza kuipangia njia, bora niambiwe imechelewa kiasi gani. Hii yako leo peke yake imechelewa mara tatu, na kila mara kivyake. Ingekuwa arobaini na moja kila siku ningetoa arobaini na moja. Sasa nitoe ngapi?"

Kaka hakuwa na jibu, wala mimi. Nadhani ndiyo hoja pekee dhidi ya redio ya intaneti niliyowahi kuisikia ambayo mafundi wenyewe hawawezi kuicheka.

Kaka aliondoka wiki iliyofuata na kiboksi kikabaki. Mama alikizoea kuliko sisi sote, alipata stesheni ya kwaya akaifanya ya kwake, hata usiku anaiacha ikiimba chini chini. Nilimweleza kwamba stesheni ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 58 kila saa, kwamba usiku mmoja wa kwaya ni karibu nusu GB. Alinisikiliza vizuri sana, akaendelea.

Oktoba nilikuwa natafuta kalamu kwenye droo ya Baba nikakuta daftari jipya la kaunta. Alikuwa amelipiga mistari kwa rula, safu nne: tarehe, saa kamili, saa iliyoingia, imechelewa. Kila jioni, tangu Kaka aondoke, kwa mwandiko uleule wa Saranda: 38, 44, 61, 40. Hakuwa amemwambia mtu. Ukurasa wa mwisho, siku mbili mfululizo, safu ya tatu ilikuwa tupu, na pembeni yake ameandika kwa wino mwekundu: "Haijafika. MB zimeisha."