Chenga za Jiwe Kando ya Mto Chattahoochee

Wiki mbili nilizokaa kwa dada yangu Atlanta nilikula ugali wa unga mweupe pee, laini kama poda, usio na harufu ya mahindi hata kidogo. Siku nilipolalamika, dada akanijibu, "Jumamosi nitakupeleka mahali."

Tulipanda kaskazini kwa gari, mwendo wa saa moja na nusu hivi, hadi karibu na mji mdogo wa Helen, milimani. Hapo, kando ya mto Chattahoochee, kuna kinu cha Nora, jengo la mbao la mwaka 1876. Maji ya mto yanaingizwa kwenye mfereji wa mbao, yanazungusha mtambo chini ya sakafu, nao unazungusha jiwe. Mawe yenyewe yalitoka Ufaransa. La chini limetulia, la juu linazunguka taratibu, na mbao ulizosimamia zinatetema mpaka magotini.

Nilipovuta pumzi tu, machozi yalinilengalenga. Ilikuwa harufu ya dona! Harufu ya mashine ya kusaga ya kijijini kwetu Njombe, nilikokuwa nikipanga foleni na debe kichwani.

Msagaji alinikingia unga uliokuwa ukitoka, akanitilia kiganjani. Ulikuwa vuguvugu, wenye mafuta kidogo ukiufikicha. Jiwe haliendi mbio, akaniambia, kwa hiyo unga hauungui, na kiini cha punje kinasagwa pamoja na vingine vyote. Viwanda vikubwa hukitoa kiini makusudi, maana mafuta yake huchacha na unga hauwezi kukaa dukani miezi na miezi. Lakini utamu wote umo humo! Ukitoa kiini umebaki na wanga.

Wasipoutaka unga, huchekecha wakapata chenga, ambazo watu wa kusini mwa Marekani huziita gritsi na kuzila asubuhi. Jimbo la Georgia lilizitangaza kuwa chakula chake rasmi mwaka 2002. Nilinunua mfuko mmoja. Ukizitazama kwa karibu utaona vidoadoa vyeusi: ni kile kincha kidogo kinachoishika punje kwenye gunzi. Nilifurahi kuviona. Vinakuonyesha kwamba punje imeingia nzima.

Jioni tulizipika. Dada alizimwagia maji kwanza, akakoroga, akaacha zitulie; maganda yakaelea juu, akayaengua kwa kijiko. Kisha moto mdogo, chumvi, na mwiko usiotoka mkononi. Zile za pakiti zinazoiva kwa dakika tano hazifanani na hizi hata kidogo. Hizi zilichukua karibu saa nzima, zikavimba, zikawa nzito na zenye utelezi kama uji wa mgonjwa aliyepona na sasa anataka chakula cha kweli. Tulitia siagi, tukala na majani ya kolade, ambayo ni ndugu wa sukuma wiki yetu.

Zilizobaki dada alizitia kwenye friza kwa sababu ya yale mafuta ya kiini, kisha akampigia mama simu ya video na kumwonyesha sahani.

Mama alisogeza uso karibu na kioo. "Mmekoboa?"

"Hatujakoboa, mama."

"Basi niwekeeni."

Kilo mbili zimo kwenye begi langu.