Siku niliyopiga skrubu kitanda cha bibi

Hii ilikuwa 2014, mwezi wa nane hivi, karakana yangu pale Keko, Dar es Salaam, ilikuwa na mwaka mmoja na nusu na mi najiona fundi kwelikweli. Nina randa ya umeme, nina drili mbili, nina vijana wawili, mteja anakuja na picha kwenye simu "fundi nataka kama hiki" na mi nakitoa, sita kwa sita, mbao za paini za kule Sao Hill, napiga rangi ya mninga mpaka mninga wenyewe ungeshangaa. Siku tatu kitanda kimeenda. Kimeungwaje? Usiulize bwana. Skrubu, gundi, vanishi, piga picha, mteja alipe.

Basi bibi mzaa mama akapiga simu kutoka Pangani. "Mume wangu," (mi toka nazaliwa ni mume wake, na mke wangu hadi leo anaitwa mke mwenza) "kitanda kinalia. Nikigeuka kinalia, nikikohoa kinalia, mwisho majirani watasema nimeolewa tena."

Nikamwambia bibi usihangaike, nakuletea kipya, tano kwa sita na godoro lake. Akanyamaza kidogo, akasema sijakuomba kitanda, nimekuomba fundi. Nikaelewa. Kile kitanda babu alikitengenezesha walipooana, mama yangu na wajomba wote wamezaliwa juu yake na babu mwenyewe alifia hapohapo, sasa we mjukuu wa juzi unakuja na habari za godoro.

Nikafunga begi: drili ya chaji, boksi la skrubu za inchi nne, chupa ya gundi nyeupe, msasa. Basi la asubuhi mpaka Tanga, halafu Tanga Pangani ni kilomita kama 50 tu lakini enzi hizo njia ilikuwa vumbi, nilifika nyusi nyekundu, bibi akaniangalia akasema huyu sasa kanywea kweli mume wangu, nenda kaoge.

Kwa ambao hawajalalia kitanda cha kamba ngoja nieleze, maana bila hivyo hamtaelewa ujinga wangu. Kina matendegu manne, hiyo miguu. Halafu mifumbati miwili, zile mbao ndefu za ubavuni, na vitakizo viwili, zile fupi za mchagoni na miguuni. Basi, mbao nane zimekwisha. Kila mfumbati na kila kitakizo kimechongwa ulimi kila mwisho, na kila tendegu lina matundu mawili ya kupokea ndimi, moja limepanda juu kidogo ya lenzake ili zipishane humo ndani. Juu yake ndo kinawambwa kamba, yaani zinafumwa na kuvutwa mpaka zikaze. Cha bibi ni mkongo mtupu, ule ambao wenzetu wa Mombasa na Lamu wanauita mbambakofi, mti ambao mchwa anaupita kama hajauona. Matendegu yamekerezwa, yana mapete mapete na yanapungua kuelekea chini kama kifundo cha mguu wa bibi harusi. Hakuna msumari hata mmoja. Nilikiona hicho. Nikasema sawa, ndo maana kinalia.

Na kamba zimelegea, katikati kumekuwa kama bembea. Hilo nalo nililiona, nikasema ni uzee, nitalishughulikia mwisho.

Nikatoa drili. Kila kona nikamimina gundi kwenye nafasi kati ya ulimi na tundu, halafu nikapiga skrubu mbili mbili kutoka nje ya tendegu ziingie kwenye ulimi. Sikutoboa kwanza, niliizungusha tu na nguvu ya mashine, maana paini ndo unavyoifanya, paini ni kama mkate. Mkongo wa miaka hamsini umekauka umekuwa chuma, kwenye skrubu ya tano drili ilitoa harufu ya kuungua nikaipumzisha, nikaendelea. Nikatikisa kitanda, kimya, hakuna sauti. Nikapiga picha nikawatumia vijana wangu Keko. Bibi akaja akashika mchagoni, akakitikisa mara moja, akasema "mmh". Nilidhani ni mmh ya kuridhika.

Saa tisa usiku nikasikia KWAA!

Nilikuwa nimelala sebuleni kwenye mkeka, nikakurupuka na tochi ya simu. Kona moja ya mchagoni imeshuka chini, bibi kateleza taratibu mpaka sakafuni na shuka lake, kakaa pale miguu kainyoosha mbele kama mtu anasubiri chai. Mi natetemeka, bibi umeumia, bibi wapi panauma. Akasema hapaumi popote, nisaidie ninyanyuke. Alivyosimama akaliangalia lile tendegu, limepasuka kutoka juu kabisa kwenye skrubu mpaka chini ya tundu, unaona mpaka nyuzi za mti ndani. "Mume wangu," akasema, "miaka yote hiyo babu yako hakuweza kuivunja hii ndoa, we umekuja siku moja tu."

Nilicheka kwa aibu. Sikulala tena. Nilikaa na simu naangalia video, maana kipindi kile nilikuwa nimezama sana kwenye video za mafundi wa Kijapani wanavyounga mbao bila msumari, nikiwaangalia nalia kabisa, ustaarabu ule. Na kuna yule marehemu George Nakashima, Mmarekani mwenye asili ya Japani, jamaa alisomea usanifu majengo, vita vya pili vya dunia vikaja, 1942 Marekani wakamfungia na familia yake kambini Minidoka, kule Idaho, na humo kambini ndo akakutana na seremala aliyeitwa Gentaro Hikogawa akamfundisha kazi ya mkono. Baadae akawa maarufu kwa meza za ubao mzima, ufa wa mti haufichi, anauacha uonekane na kuufunga kwa kipande cha mti chenye umbo la kipepeo. Nikasema hapohapo, dawa imepatikana, kesho namtia kipepeo. Yaani mtu nusu saa iliyopita kamwangusha bibi yake na bado ana mawazo mapya.

Asubuhi bibi hakutaka kusikia habari za kipepeo. Akanituma kwa mzee mmoja ana banda la makuti upande wa mtoni, karibu na kivuko. Nikabeba tendegu na mfumbati wake begani, kwenye matundu gundi imeshaganda, zimeng'ang'aniana hazitoki, mji mzima unaniona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba babu. Mbona umebeba maiti asubuhi?"

Siku hizo alikuwa anachonga zaidi mbuzi za kukunia nazi, vitanda hakuna anayeagiza. Akalichukua tendegu akaliweka mapajani, akapitisha kidole gumba kwenye ufa, akafika kwenye kichwa cha skrubu akasimama.

"Hii kazi yake nini?"

Nikasema kukaza, mzee. Kilikuwa kinalia.

"Nani amekwambia kitanda kinakazwa na misumari? Kitanda kinakazwa na kamba."

Akachukua vijiti akanionyesha chini kwenye mchanga, na hapo ndo nilitamani mchanga unimeze. Kamba ya upana inaivuta mifumbati ije ndani, mabega ya vitakizo, pale ubao unapopungua kuwa ulimi, yanaizuia kwa hiyo matendegu yanabanwa. Kamba ya urefu inavivuta vitakizo, mabega ya mifumbati yanazuia, matendegu yanabanwa tena. Ukiwamba vizuri kona zote nne zinajifunga zenyewe. Kamba ikilegea, ulimi unacheza kwenye tundu, kitanda kinalia. Kile kilio ndo taarifa yenyewe, kinasema njoo unikaze. Bibi alikuwa anahitaji watu wawili na nusu siku ya kukaza kamba, basi. Mi nimeenda kumchoma misumari mgonjwa wa homa.

Nikamwambia kuhusu kipepeo. Alisikiliza mpaka mwisho, alipenda kabisa, akauliza huyo Mjapani yuko wapi, nikamwambia alishafariki 1990. Akasema Mungu amrehemu, kwenye meza ni kazi nzuri maana meza inabeba sahani. Hapa ufa umepita katikati ya tundu, na juu yake analala mtu.

Tuliloweka kile kiungo kwa maji ya moto nusu siku, tunamwagia tunafunika na gunia, mpaka gundi ikalainika ikawa kama uji. Skrubu mbili zilikatikia ndani, tukazichimba. Akapanda darini akashusha kipande cha mkongo chenye vumbi la miaka, akakigonga na kifundo cha kidole, kikalia kikavu, akasema hiki kiko hapo kabla mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa.

Hakuwa na tepu. Alivunja chelewa ya mnazi, kile kijiti cha katikati ya jani, akapimia tundu la zamani, akaikata kwa jino, akaibandika sikioni kama penseli, hiyo ndo tepu. Akaligonga umbo kwa tezo, akalipitisha randa ya mkono, kila mara analigeuza analiangalia kwa jicho moja kuelekea mtoni. Matundu akasema toboa wewe, wewe si ndo mtu wa kutoboa. Akanipa keekee, drili ya mkono ya kizamani. Sijawahi kuishika maishani. Unakandamiza juu na kifuu cha nazi, mkono wa kulia unavuta uta mbele nyuma, msukano, ile sehemu inayotoboa, unazunguka huku na huku. Kwa yule mzee ilikuwa inaimba, kwangu ilikuwa inaruka kama jogoo aliyefungwa kamba. Mara ya tatu uta ukanichomoka ukampiga kwenye goti. Hakusema kitu, alinisogezea kiwiko changu ndani, kikagusa mbavu, nikavuta tena ikashika. Hakuna mwalimu pale chuo cha ufundi aliyewahi kunisogeza kiwiko.

Mashimo yakishapakana akayamaliza kwa patasi, tundu likawa la mraba. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nakifanya karakana: akachukua sufuria lake la chai, akafuta masizi ya chini kwa kidole, akaupaka ulimi wote mweusi, akausukuma kwenye tundu, akautoa. Ndani ya tundu palipogusa pana doa jeusi. Anakwangua hapo tu, kidogo sana, anapaka tena, anasukuma tena. Mara sita, saba. Mi nimeshachoka, nasema mzee si imeingia hiyo, anasema imeingia lakini haijakaa. Mara ya mwisho aliupiga na nyundo ya mti pigo moja, sauti ikabadilika, sio ko tena, ni du. "Sasa umekaa."

Mapete hakuweza kuyatoa. Kukereza kulikuwa na mtu wake zamani, alikuwa na kerezo, mashine ya kuzungusha mti ukichongwa, la kuvuta kwa upote, kamba ya uta, alishakufa na kerezo likawa kuni. Kwa hiyo tendegu jipya ni la kawaida tu, limenyooka, na lile la zamani bibi alilichukua akaegeshea mlango wa uani.

Nikamuuliza mzee nikulipe shilingi ngapi. Akataja hela ya mbao tu, ndogo mno, halafu akanyoosha mkono. "Na hiyo misumari yako iache hapa. Nina banda la kuku halijaisha."

Kuwamba tuliwamba kesho yake uani, bibi na shoga yake wa nyumba ya pili, mi ndo punda. Kamba ya usumba mpya, ya nyuzi za makumbi ya nazi, wameilowesha usiku kucha kwenye ndoo. Shoga anapitisha, bibi anahesabu, mi navuta na kuzuia kwa goti. Vuta! Nimevuta. Hujavuta wewe, vuta kama mwanaume, mbona Keko mnakula vizuri? Usumba mbichi ukikuchubua kiganjani unakaa kama umeshika pilipili, jioni nilikuwa nashika kikombe kwa vidole viwili. Lakini niliziona zile kona kwa macho yangu, kila mstari ukiongezeka ule uwazi kati ya bega na tendegu unapungua, unapungua, mpaka unyoya haupiti. Hata kwenye lile tendegu jipya. Tulikiacha juani kikauke, kamba zikazidi kukaza, ukipiga na kidole zinaitika.

Usiku bibi akapanda. Mi nikalala mkekani nimetega sikio kama daktari. Nasikia anageuka, kimya. Anageuka tena, kimya. Anakohoa, kimya. Nikafumba macho kwa raha.

"We mume!"

"Naam bibi."

"Hakilii kabisa."

"Ndiyo bibi."

"Sasa usingizi nautoa wapi? Nilishakizoea."