Mwanga wa zambarau kwenye kebo ya 11 kV

"Megger haidanganyi, mwanangu," fundi mkuu aliniambia, kifaa hicho cha kupima uzima wa ganda la waya kikiwa mkononi mwake: kilisoma zaidi ya gigaomu 5. Kwake, kebo yetu pale kiwandani Tanga ilikuwa nzima. Lakini kila usiku wenye unyevu chumba cha swichi kilinuka ozoni, harufu ile kali ya baada ya radi, na ndani ya kabati kulisikika chichichi isiyokoma.

Akaniambia nisafishe kwa spiriti. Wiki tatu tu, mlio ukarudi. Kisha akasema niviringishe tepu pale fezi mbili, yaani nyaya mbili za kebo, zilipogusana, na ushauri huo mpaka leo unaniuma. Tepu ilinasa hewa katikati, na hewa ndiyo dhaifu: haistahimili umeme kama XLPE, plastiki inayofunika waya, halafu mwanya wake mwembamba ndio unaobeba msongo mkubwa zaidi. Mlio ukazidi.

Nikaamua kutumia macho. Nilifunika madirisha kwa mablanketi, nikazima taa zote, hata vitaa vya kwenye paneli nikavibandika tepu nyeusi. Nikakaa nje ya kioo cha kabati, kimya, macho yazoee giza. Usikate tamaa mapema. Mimi nilisubiri kama dakika 20 ndipo nikauona: uzi hafifu wa zambarau, mfupi kama kucha, pale pale fezi nyekundu na ya njano zilipokutana. Ukiukodolea unapotea, ukitazama pembeni kidogo unarudi. Nikaegemeza simu kwenye ndoo, picha ya sekunde 30. Ukatoka wazi.

Tulipozima na kufungua, chini ya tepu kulikuwa na unga mweupe, na juu ya ganda michirizi myeusi yenye matawi kama mizizi ya mkoko. Megger hupima uvujaji kwa umeme wa DC, usiopanda wala kushuka. Cheche hizi huruka umeme wa AC unapopanda na kushuka, kwa hiyo ilizipita bila kuziona.

Tulitengeneza upya vichwa vya kebo, yaani miisho yake, miguu ya kila fezi ikiwa mirefu zaidi, fezi zisigusane kabisa. Semikoni, tabaka jeusi linalopitisha umeme kidogo juu ya plastiki, ilikatwa taratibu, kwa maana kisu kikikwaruza plastiki ya chini umeshaanza ugonjwa mwingine. Kama laki nane hivi zilitutoka, posho ya jointa, fundi wa kuunga kebo, ikiwemo.

Usiku ule nilirudi na ndoo yangu na simu. Sekunde 30, picha nyeusi tii. Nikampigia mzee aje aione mwenyewe.