Nilivyowalea watoto wa kobe tangu walipoanza kutoboa yai

Ukisema tu kwamba unafuga kobe aina ya sulcata, kila mtu ana ushauri, na ushauri wenyewe ni mmoja: waweke pakavu. Huyo mnyama wa jangwani bwana, maji utamletea mafua. Kobe wangu jike alipotaga nikaambiwa hivyohivyo, nikaitikia kwa heshima, kisha nikafanya kinyume chake.

Kilichonitia moyo ni kobe wa jamaa yangu mmoja. Alikuwa na afya ya kutosha, anakula, anatembea, lakini mgongo mzima ni vinundu, kila kigae cha gamba kimechomoza peke yake kama kichuguu. Utotoni alikuwa akiishi kwenye sanduku kavu, taa ya joto juu ya kichwa mchana kutwa. Watu walizoea kusema vinundu hivyo vinaletwa na protini nyingi. Lakini kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliofanywa kwa watoto wa sulcata wenyewe, ukaangalia unyevu wa hewa na protini kwa pamoja, na ukavu ndio ulioonekana kuharibu gamba zaidi. Protini ilichangia kidogo tu. Na ukifikiria, inaingia akilini. Sulcata anatoka Sahel, kusini mwa Sahara, ndiyo, lakini jua likiwaka hakai juani. Anachimba shimo refu, na huko chini hewa ina unyevu.

Sasa, mayai. Mtoto wa kobe ana kijino kigumu kwenye ncha ya mdomo, chini ya pua, cha kutobolea ganda tu, baadaye kinadondoka. Akishatoboa anaweza kutulia mlemle ndani siku nzima au zaidi, na hapo ndipo penye mtihani kwa mfugaji. Wangu wa kwanza alitoa mkono mmoja nje ya tundu, akalala. Mkono ule ukaning'inia hapo na kucha zake, usiku kucha, bila kujitikisa. Mkono wangu nao ulikuwa unaniwasha nimbandulie kipande kimoja tu cha ganda. Sikumgusa. Kiini cha yai kinakuwa bado kiko nje ya tumbo lake, na kazi anayofanya akiwa ametulia hivyo ni kukivuta ndani. Ukimtoa kwa nguvu, kifuko kile kinaweza kupasuka, naye akafa.

Alipotoka alikuwa amejikunja katikati, maana ndivyo alivyokuwa amepangwa ndani ya yai, na tumboni ana uvimbe wa manjano. Niliwaweka wote kwenye bakuli lenye karatasi laini za jikoni zilizoloweshwa, bila udongo wala mchanga wa kunata kwenye kitovu, nikairudisha bakuli ndani ya mashine ya kuangulia. Chakula hawahitaji kwa haraka. Kiini kile ndicho akiba yao. Tumbo lilipojifunga na mgongo ukanyooka, wakahamia kwenye nyumba yao.

Nyumba yenyewe ni boksi kubwa la plastiki lenye mfuniko, chini nimetandika unga wa makumbi ya nazi niliolowesha. Kipima unyevu nilikitegesha karibu na sakafu, pale wanapoishi, maana juu kinakudanganya. Nilitaka kisome asilimia 80 hivi. Wale wanaosema maji yataleta mafua wana chembe ya ukweli ambayo wanaishika upande usiofaa: kinachomwua mtoto wa kobe ni unyevu pamoja na baridi. Kwa hiyo joto halikushuka chini ya nyuzi 27, hata usiku, na usiku nilitumia kifaa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga. Pembe moja ya kuotea jua ilifika nyuzi 33 mpaka 35. Ukiwa na joto hilo, lowesha bila wasiwasi. Kama huwezi kulishikilia, usiloweshe.

Taa ya UVB, mionzi isiyoonekana iliyomo pia kwenye jua, nayo si pambo. Bila mionzi hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu unayomlisha haimsaidii. Kuwaweka dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo kinazuia sehemu kubwa ya mionzi. Siku za jua nilikuwa nikiwatoa nje kidogo, mahali penye kivuli cha kukimbilia, na kamwe si ndani ya chombo cha kioo. Mwili mdogo hivyo unachemka upesi kuliko unavyodhani.

Kuogesha ndiko ninakokupenda. Kila asubuhi, beseni lenye maji ya vuguvugu, kina kisichozidi pale gamba la juu linapokutana na la chini, robo saa hivi. Chagua beseni la rangi, si la kupitisha mwanga. Wakiona nje wanahangaika kutaka kutoka. Mtoto akitulia anashusha kichwa, pua inaingia majini, na koo linaanza kupanda na kushuka. Anakunywa. Halafu anakunya, unabadilisha maji. Angalia ule uchafu mweupe unaotoka na mkojo: ukiwa laini, maji mwilini yanatosha. Ukiwa na chembechembe unazozisikia kidoleni, mtoto ana kiu.

Chakula hakina mengi. Majani, majani, majani: nyasi changa zilizokatwa fupi, magugu yasiyopigwa dawa, majani na maua ya haibiskasi, mpungate uliotolewa miiba. Spinachi niliipa kisogo kwa sababu ina asidi inayofunga kalsiamu. Matunda hapana, chakula cha mbwa hapana kabisa. Unga wa kalsiamu nilinyunyizia mara chache kwa wiki, na mfupa wa ngisi uliachwa humo wajing'atie.

Nilikuwa nikiwapima kwenye mizani yao ndogo, si ile ya jikoni. Wakianguliwa wana gramu 25 mpaka 40 hivi, na cha kuangalia ni kama namba inapanda. Mizani ndiyo iliyonionyesha kwamba mmoja anaonewa. Kobe hawapigi kelele wakigombana. Mkubwa anampandia mdogo, analala juu ya chakula, anamfuata kila anakokwenda. Ukitazama juujuu utadhani wanapendana. Nilimhamisha mdogo kwenye boksi lake, akaanza kuongezeka uzito. Ndiyo maana siwashauri watu kulea wawili pamoja.

Na mikono inaoshwa kwa sabuni kila baada ya kuwashika. Kobe anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaomharisha mtu, bila yeye mwenyewe kuumwa. Marekani walipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wenye gamba chini ya inchi 4, hasa kwa sababu watoto wadogo walikuwa wakiwaweka mdomoni.

Migongo yao sasa ni laini, vigae vimekaa sawasawa. Kazi iliyonichosha ni kuwagawa. Kila aliyemwona mtoto anayeenea kiganjani alimtaka, mpaka nilipomwambia kwamba huyu anaweza kupita kilo 45, akachimba ua mzima, akaishi kuliko yeye mwenyewe. Pia sulcata yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji vibali. Wengi waliaga hapohapo. Waliobaki niliwauliza jambo moja tu, nani atakuwa akimwogesha asubuhi, na waliokuwa na jibu ndio walioondoka na kobe.