Yaya akihesabu kwa pumzi moja

Ganzi ilimwanza yaya, ndugu yangu mkubwa, kwenye nyayo siku ya Jumatatu. Jumatano alishindwa kupanda ngazi za udongo za kwetu Kadutu, Bukavu, nikambeba mgongoni mpaka barabarani.

Nyumbani lilitajwa neno moja tu: karuho, sumu ya kulishwa na mtu. Wiki mbili nyuma alikula kuku matangani kwa jirani, akaharisha siku 3, akapona. Kwa wajomba hiyo ilitosha. Yule mama amemtilia sumu. Kaka alikuwa ameshavaa viatu amfuate usiku uleule.

Hospitalini daktari aligonga goti la yaya kwa nyundo ya mpira. Mguu haukutikisika hata kidogo. Akauliza kama tumbo lilimsumbua karibuni, kisha akatuambia jina la ugonjwa: Guillain-Barré. Madaktari watatu wa Ufaransa waliuandika mwaka 1916, baada ya kuona askari wawili waliolegea miguu. Mara nyingi hutanguliwa na kuhara kunakoletwa na bakteria aitwaye kampilobakta, anayekaa sana kwenye kuku asiyeiva vizuri. Ganda lake lina sukari zinazofanana na zile zilizo juu ya neva zetu. Mwili hutengeneza kingamwili za kumpiga yeye, na kingamwili hizohizo zikaigeukia neva. Humpata kama mtu 1 kati ya 1,000 wanaoharishwa na bakteria huyo.

"Kuku anaweza kuwa ndiye," akasema, "lakini hakuna mkono wa mtu hapo."

Mjomba aliangalia chini. Mimi nilitaka alitamke jina la yule mama tena, alitamke vizuri, mbele ya daktari.

Hofu sasa ilikuwa pumzi, maana ulegevu ulikuwa unapanda kuelekea kifuani. Daktari alimwambia yaya avute hewa ahesabu kwa sauti mpaka iishe. Akafika 24. Kazi hiyo nikaachiwa mimi, kila baada ya saa chache. Alhamisi 20. Ijumaa 17. Tulitajiwa bei ya dawa: kingamwili za watu wengine, za kutiliwa mshipani. Baba akatoka nje, akakaa barazani peke yake. Jumamosi 14, sauti imekuwa nyembamba. Jumapili 14. Sikulala. Jumatatu 14 tena.

Jumanne yule mama alikuja na termosi ya uji, akasimama mlangoni, hakuvuka.

"Mama, ingia," yaya akamwambia. "Keti unisikilize."

Akavuta hewa. Alifika 16.